Moto wa Makaa: Bwana Anapoponya Mwili Unaokumbuka

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Maandiko: Yohana 18:15–18 na 25–27, Yohana 21:1–17, 1 Wafalme 19:1–8

Kwa ninyi mliokuwa safarini, na kwa wale walioketi nje kwenye hema ambako spika ilikuwa inakatika, huu ndio ujumbe kwa ufupi. Usome Biblia yako ikiwa wazi kando yako.

Jumapili hii nilianza na toba, na si toba yenu, ni yangu.

Mnakumbuka kesha yetu ya mwaka jana. Ilikuwa kama saa nne usiku, jirani wa nyuma akachoma takataka, na ndani yake mlikuwa na mipira ya zamani. Moshi ukaingia kwa madirisha. Dada mmoja, mshiriki wetu, akaanguka chini, akaingia chini ya benchi akitetemeka, meno yakigongana. Waombezi wakaja mbio. Wakamzunguka. Wakamshika mikono na miguu. Wakaomba juu yake kwa sauti kubwa zaidi ya saa moja, wakiamuru pepo wa hofu atoke. Na maikrofoni ilikuwa kwangu. Ni mimi niliyewaambia waongeze sauti.

Mwishowe akanyamaza. Tukapiga makofi. Tukasema amefunguliwa.

Hakurudi kanisani kwa miezi minne. Mimi na mama mchungaji tukaenda kumtembelea. Akatukaribisha vizuri, akatupa chai, halafu akasema hivi: “Pasta, Januari 2008 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba yetu kule Bonde la Ufa ilichomwa. Wanaume walituzunguka wakipiga kelele, na mmoja alinishika miguu. Ile kesha nilisikia harufu ya moshi, halafu nikaona watu wamenizunguka wanapiga kelele, na kuna mtu amenishika miguu. Mimi sikunyamaza kwa sababu nimefunguliwa. Nilinyamaza kwa sababu hata siku ile, kunyamaza ndiko kulikoniokoa.”

Wapendwa, ile chai sikuweza kuimeza. Nilipiga magoti palepale sebuleni, nikamwomba msamaha. Nikamuuliza kama naweza kulisema jambo hili mbele ya kanisa. Akasema, “Waambie, lakini usitaje jina. Huenda nisiwe peke yangu.”

Na kweli hayuko peke yake. Katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakafukuzwa makwao. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomewa ndani ya kanisa lenyewe, tarehe 1 Januari 2008. Wengine hapa walikuwa jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Wengine mna jamaa waliokuwa Garissa, chuo kikuu, Aprili 2015. Wengine hamjaguswa na mambo ya magazeti: ni ajali ya matatu, ni kuzaa kwa shida, ni baba aliyekuwa akirudi nyumbani amelewa na mshipi mkononi. Miaka imepita. Umeokoka, umebatizwa, unanena kwa lugha. Lakini geti likigongwa kwa nguvu, moyo unaruka. Halafu unajiuliza: mbona mimi? Je, imani yangu ni ndogo?

Hilo ndilo swali la leo. Na jibu liko kwenye moto wa makaa.

1. Mwili hukumbuka

Fungua Yohana 18. Usiku ule Bwana alipokamatwa kulikuwa na baridi. Watumishi na walinzi waliwasha moto wa makaa uani, wakasimama wakiota moto, na Petro akasimama pamoja nao. Hapo penye makaa ndipo alipomkana Bwana. Mwili wake wote ulikuwa pale: joto usoni, baridi mgongoni, moshi puani, watu wakimwangalia, hofu ya kukamatwa. Jogoo akawika.

Sasa geuza mpaka sura ya 21. Bwana amefufuka. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Wanafika ufuoni, na Petro anakuta nini? Moto wa makaa. Katika Kigiriki cha Yohana neno ni lilelile moja, anthrakia, na katika Agano Jipya lote linapatikana mahali pawili tu: penye moto wa kumkana, na penye moto huu. Yohana hakuandika hivyo bure. Petro aliposhuka kutoka majini na kusikia ile harufu, unadhani mwili wake ulikumbuka nini?

Ninyi mnaopika kwa jiko mnajua. Harufu haibishi hodi. Madaktari wanasema harufu ina njia fupi sana ya kufika katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na kumbukumbu. Unasikia harufu, na kabla hujafikiri lolote, tumbo limeshajikunja.

Ndivyo Mungu alivyotuumba, na ni kwa ajili ya kutulinda. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala. Ichukue kama askari wa geti. Akiona hatari hangoji kuuliza mwenye nyumba, anapiga filimbi. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli ya miguu, tumbo linasimamisha kazi yake. Yote hayo ni ili ukimbie au upigane. Na kama huwezi kukimbia wala kupigana, mwili unaweza kuganda, ukakaa kama mtu aliyekufa. Yule dada hakuchagua kunyamaza. Mwili wake ulimchagulia, na ulimwokoa.

Shida inakuja baadaye. Nyumba ikishaibiwa mara moja, askari yule halali tena. Paka akipita, filimbi. Majani yakitikisika, filimbi. Si kwamba ni askari mbaya, hapana. Hajapata habari kwamba wezi walishaondoka. Na ukimpigia kelele askari aliyeshtuka, je, anatulia? Anazidi kushtuka! Ndicho tulichofanya kwenye ile kesha. Tulimpigia kelele askari.

Biblia haioni haya kuyasema mambo haya. Katika Zaburi ya 22 Daudi anasema habari za mifupa iliyoachana na moyo ulioyeyuka kama nta. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane, jasho lake lilidondoka kama matone ya damu. Je, Yesu alikosa imani? Hasha! Alikuwa na mwili. Basi mwili wako ukitetemeka, usijihukumu. Mwambie jirani yako: kutetemeka si dhambi.

2. Mungu huanza na mwili

Tazama sasa Bwana anavyomponya Petro. Sisi tungeanza na maswali. Tungemweka mbele, tungemwambia akiri. Yesu amepika. Kuna samaki juu ya makaa na kuna mkate. Anawaita waje wafungue kinywa. Mstari wa 15 unasema ilikuwa baada ya kula ndipo alipomuuliza Petro swali. Kwanza joto, kwanza chakula, kwanza kuketi na marafiki, halafu mazungumzo. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku ule, na mara tatu penye makaa akapewa nafasi ya kumkiri. Harufu ni ileile, lakini safari hii iko na samaki, na asubuhi, na Bwana akiwa hai. Ni kama yule askari wa geti anaonyeshwa polepole: tazama, wezi hawapo.

Eliya naye ni hivyo. Ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Halafu neno moja la Yezebeli linamkimbiza mpaka jangwani, anaketi chini ya mretemu akiomba afe. Nabii! Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ni baada ya kulala mara mbili, kula mara mbili, na mwendo wa siku arobaini mpaka Horebu ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale. Na alipozungumza naye hakuwa ndani ya upepo, wala tetemeko, wala moto. Alikuja kwa sauti ndogo ya utulivu.

Kanisa la Mungu, sisi ni watu wa sauti kubwa, na sisemi tuache. Lakini kwa mtu aliyeumizwa na kelele, huenda Roho Mtakatifu anataka kuja kwa sauti ndogo.

Najua kuna mtu anauliza: “Pasta, haya mambo ya kupumua na kutuliza mwili, si ni mambo ya dini za Mashariki?” Swali zuri. Jibu langu liko Mwanzo 2:7. Kabla hakujawa na dini yoyote ya Mashariki au Magharibi, Mungu alifanya mtu kwa mavumbi akampulizia puani pumzi ya uhai. Na siku ile ya ufufuo, wanafunzi wakiwa wamefunga milango kwa hofu, Yesu alisimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha makovu yake, kisha akawavuvia. Pumzi ni ya Bwana. Hatuiti roho nyingine. Hatuondoi akili zetu tukaacha nyumba tupu. Tunautunza mwili ambao Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu.

Mwingine anauliza: “Sasa tuache kukemea mapepo?” La! Mapepo yapo na jina la Yesu lina nguvu. Lakini soma Mathayo 4:24. Waliletwa kwa Yesu wagonjwa wa kila namna, na mwandishi anawataja wenye pepo peke yao, wenye kifafa peke yao, wenye kupooza peke yao. Yesu hakuchanganya. Mtu akivunjika mguu tunamwombea na tunampeleka afungwe plasta, hatusemi ana pepo la kuchechemea. Jeraha si pepo. Ukikemea jeraha unalitonesha.

3. Mambo matano ya kutuliza askari wa geti

Haya tuliyafanya pamoja kwenye ibada. Yafanye nyumbani, polepole. Lolote likikuzidishia hofu, liache, jaribu lingine.

Kwanza, pumzi ndefu ya kutoka. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono. Ukivuta pumzi, moyo huenda haraka kidogo. Ukiitoa, hupunguza mwendo. Kuna neva ndefu, vagasi, inayotoka chini ya ubongo, inapita shingoni mpaka moyoni, kwenye mapafu na tumboni, na ndiyo inayouambia moyo upole. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu ukihesabu mpaka sita au nane. Dakika tatu au tano zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, pumua kawaida. Waweza kutoa pumzi ukitaja jina la Yesu moyoni.

Pili, nyayo sakafuni. Kumbukumbu ikija kama mafuriko, fungua macho. Kanyaga sakafu. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Sema tarehe ya leo na mahali ulipo. Unamwambia askari: huu si ule mwaka.

Tatu, kaza na kulegeza. Kunja ngumi kwa nguvu, hesabu mpaka tano, legeza. Pandisha mabega mpaka masikioni, shikilia, yaache yashuke. Fanya hivyo miguuni, tumboni, usoni. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alianza kufundisha wagonjwa wake hivi karibu miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo inatumika. Ni nzuri kabla ya kulala.

Nne, imba. Huwezi kuimba bila kutoa pumzi ndefu. Hata kuvuma na mdomo umefungwa, vile mama anavyombembeleza mtoto mgongoni, kunasaidia. Mama zetu walijua haya kabla ya vitabu. Zaburi ya 131 inaufananisha moyo uliotulia na mtoto aliyeachishwa ziwa, yuko kifuani kwa mamaye. Kwa hiyo wimbo wako wa saa tano ukiosha sufuria si mchezo. Ni dawa.

Tano, kula, lala, tembea. Aliyeumia mara nyingi hali wala halali, halafu anaongeza kufunga siku saba. Ndugu, huenda Mungu anakuambia kama alivyomwambia Eliya: amka ule. Kama mwili umechoka, zungumza na mchungaji kabla ya kufunga. Na kutembea kwa miguu kila siku, hata nusu saa, kunausaidia mwili kumaliza ile mbio ambayo haukuimaliza.

Na nisisitize hili. Haya matano ni huduma ya kwanza, hayachukui nafasi ya daktari. Kama ndoto mbaya na mshtuko vimeendelea zaidi ya mwezi mmoja, kama huwezi kufanya kazi, kama unajituliza kwa pombe, au wazo la kujiua limekuja hata mara moja, usikae nalo. Nenda hospitali, umwone daktari au kaunsela aliyesomea kazi hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure, 1199. Na kama umepewa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Daktari ndiye atakayekuambia uache, na siku hiyo utaleta ushuhuda hapa mbele na tutashangilia pamoja.

4. Kanisa letu lifanye nini

Baada ya ile ziara nilikaa na wazee na waombezi, na tumekubaliana haya, muyashike nasi.

Hatutamshika mtu anayetetemeka bila kumuuliza. Tutampa nafasi, mtu mmoja ataketi karibu naye, si kumi. Atazungumza kwa sauti ya chini na kumuuliza: “Ungependa nikushike mkono, au niketi tu hapa?” Mtu wa kuketi na dada atakuwa dada.

Hatutamlazimisha mtu kutoa ushuhuda wa mambo yaliyomuumiza. Petro hakuulizwa lolote akiwa na njaa. Anayetaka kusema atasema kwa wakati wake.

Viti vya karibu na mlango ni vya wale wanaohitaji kujua kwamba wanaweza kutoka. Wahudumu msiwasogeze mbele kwa nguvu.

Na jirani wetu wa nyuma tulimtembelea kwa heshima. Amekubali kuchoma takataka asubuhi, si wakati wa kesha.

Yule dada je? Amerudi. Anaketi karibu na mlango. Anaenda kwa kaunsela kila baada ya wiki mbili, na sisi tunamwombea, kwa sauti ya chini, akitaka. Mara mbili moshi umeingia wakati wa ibada. Mara zote mbili ametoka nje, akaweka mkono ukutani, akakanyaga ardhi, akapumua, akavuma wimbo wake, akarudi ndani. Bado hawezi kukaa karibu na jiko la makaa. Hatumharakishi. Bwana aliyemngoja Petro ufuoni anajua kungoja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa na moyo unagonga, hujachelewa. Yesu aliyefufuka bado ana makovu mwilini mwake. Hakuyaficha kwa Tomaso, hatakuaibisha kwa yako. Njoo uone mchungaji au mama mchungaji Jumatano alasiri, mlango utakuwa wazi, na hutashikwa miguu.

Tuombe

Bwana Yesu, ulituumba kwa mavumbi na pumzi, nawe unajua tulivyo. Tusamehe pale tulipowapigia kelele waliojeruhiwa. Keti na kila mmoja wetu penye moto wake wa makaa. Utuliza mioyo inayokimbia, uwape usingizi wasiolala, uwape mkate waliochoka na safari. Tufundishe kuwa kanisa ambalo mtu anaweza kutetemeka ndani yake akawa salama. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Bwana alimlisha Petro kabla ya kumuuliza? Tunajifunza nini kuhusu kumtembelea aliyeumia?
2. Eliya aliogopa baada ya ushindi mkubwa. Je, tumewahi kumhukumu mtu kwa hofu yake?
3. Fanyeni pamoja zoezi la pumzi kwa dakika tatu kabla ya maombi ya kufunga. Asiyetaka asilazimishwe.